Kitufe cha SNOW kwenye Jua la Dar

Katika foleni ya Ubungo, saa nane mchana, jua likiwa limekaza, dereva wa Toyota Mark X anaweza kuteremsha macho karibu na mkono wa gia akakuta kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Wengi hawajawahi kukigusa. Waliokibonyeza kwa udadisi waliona taa ndogo imewaka kwenye dashibodi na gari likawa zito kidogo kuondoka, basi wakakizima na kuendelea na safari. Fundi akiulizwa hujibu kwa mkato kwamba hicho ni cha Wajapani wenyewe.

Ni cha Wajapani kweli. Sapporo, mji mkuu wa kisiwa cha Hokkaido, huangukiwa na theluji ambayo ukijumlisha ya msimu mzima hufika mita tano hivi, na mtengenezaji wa gari hawezi kumsahau dereva wa huko. Kitufe kile kwa kawaida huiamuru giaboksi iondoke kwa gia ya pili badala ya ya kwanza, ili nguvu ifike kwenye magurudumu kwa upole na tairi zisizunguke bure juu ya barafu. Gari likaja kuuzwa mnadani, likapakiwa melini, likashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na kitufe kikaja nalo kama koti la baridi lililosahauliwa ndani ya sanduku.

Lakini si magari yote ya mnada huo yanayokuja huku. Kwa miaka mingi mengine yamevuka bahari fupi tu hadi Vladivostok, mashariki ya mbali ya Urusi, na kutoka hapo yakaendeshwa au kubebwa kwa maelfu ya kilomita hadi Yakutsk. Warusi huendesha upande wa kulia wa barabara, usukani kushoto. Hata hivyo Yakutsk imejaa magari yenye usukani wa kulia, kama ya Kariakoo, kwa sababu ni yale yale. Tangu Agosti 2023 Japani imezuia kupeleka Urusi magari yaliyotumika yenye injini inayozidi lita 1.9, ila yaliyokwisha kufika bado yanaranda mjini.

Kwa hiyo Toyota mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kuzeekea katika dunia mbili. Moja inatafuta kivuli cha mwembe. Nyingine iko katika mji ambao wastani wa mwezi wa Januari unakaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, mahali ambapo kipimo cha Selsiasi na kile cha Farenhaiti hukutana, kwa kuwa 40 chini ya sifuri ni ile ile kwa vyote viwili. Chuma chao ni kimoja. Kinachozitenganisha asubuhi, kabla gari halijasogea hata hatua, ni lita saba au nane za mafuta mekundu yaliyo ndani ya giaboksi.

Giaboksi ya manyuali ni mashine ya chuma iliyolowekwa kwenye mafuta. Giaboksi ya otomatiki ni mashine ya mafuta iliyovikwa chuma. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo yote yanayofuata. Katika otomatiki ya kawaida, injini haijaungwa na magurudumu kwa mhimili mmoja ulionyooka. Katikati kuna torki konveta, bakuli lililofungwa lenye mapanga pande mbili. Upande wa injini huyarusha mafuta, upande wa pili huyapokea na kuzunguka nayo. Pampu inayoendeshwa na injini huyanyonya mafuta kutoka sampu, huyapitisha kwenye chujio, kisha huyasukuma hadi bodi ya vali, yenye vijia vingi vyembamba kama vya kichuguu. Kutoka hapo shinikizo huenda kubana sahani za klachi, seti hii au ile, na kila seti inayobanwa ndiyo gia inayoingia. Hakuna mkono wa mtu unaosukuma meno yakutane. Mafuta yakichelewa, gia imechelewa.

Na mafuta, kila mpishi wa pwani anajua, hayana tabia moja mwaka mzima. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa inayomiminika vizuri Tanga, ukiipeleka Njombe mwezi wa saba utaikuta asubuhi imekuwa jiwe jeupe, na mwenye nayo itabidi aiweke juani au kwenye maji ya moto kabla hajapata tone la kupaka kichwani. Mafuta ya giaboksi hayana udhaifu mkubwa kiasi hicho, maana wakemia wameyatengeneza yaendelee kutiririka hata joto likivuka nyuzi 45 chini ya sifuri. Hata hivyo kutiririka kuna namna zake.

Wataalamu hupima uzito wa kutiririka huko, yaani mnato, kwa kipimo kiitwacho sentipoisi. Maji ya kawaida ni sentipoisi 1. Mafuta ya giaboksi yakiwa kwenye joto lake la kazi, nyuzi 80 au 90, huwa kama 6 hivi, mepesi kiasi cha kupenya popote. Yakiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kiwango maarufu cha Dexron III cha General Motors kiliruhusu yafike hadi 20,000, na Dexron VI, kilichofuata mwaka 2005, kikashusha ukomo huo hadi 15,000. Hapo mafuta yamekuwa mazito kuliko asali. Ni mafuta yale yale, gari lile lile, na kati ya asubuhi na mchana uzito wake umebadilika zaidi ya mara elfu mbili.

Mtu anayetaka kuona maana ya hesabu hizo aende Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park wanaishi Wakenya wengi, na wengi wao hufanya kazi za uuguzi na kutunza wazee, kazi zenye zamu za usiku. Zamu huisha karibu saa moja asubuhi, saa ambayo baridi imefika kilele. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kesho yake kijiji cha Cotton, kaskazini mwa jimbo, kikapima 49 chini ya sifuri. Shirika la posta la Marekani, ambalo husifika kwa kufika kila mlango, lilisimamisha kugawa barua jimboni humo. Wauguzi hawakusimamishiwa kazi.

Asubuhi ya namna hiyo gari lililolala nje usiku kucha huwa na mambo. Stata inazunguka kwa uchovu kama mtu aliyeamshwa na msiba. Injini inashika. Dereva anakanyaga breki, anavuta mkono wa gia, nao ni mgumu kwa sababu grisi ya kebo yake pia imeganda. Anaweka R. Kimya. Anahesabu moja, mbili, tatu. Mahali pengine atafika kumi. Halafu gari linashtuka, *gu!*, na kuanza kurudi nyuma.

Ndani ya sekunde hizo kumi yametokea mengi. Pampu inajaribu kunyonya kitu kizito kama uji wa ulezi uliopoa kupitia chujio lililofumwa kwa ajili ya kitu chepesi kama chai. Isipopata ya kutosha huvuta na hewa, na hapo husikika mlio mwembamba wa kulalamika chini ya sakafu. Mafuta yenyewe yamepungua ujazo: kutoka joto la kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri husinyaa kwa karibu asilimia 8, kwa hiyo giaboksi iliyokuwa na upungufu mdogo usioonekana sasa ina upungufu wa kweli. Sili za mpira zinazozuia shinikizo lisivuje kwenye pistoni za klachi zimekakamaa, na zilizozeeka zinapitisha mafuta pembeni hadi zipate joto na kulegea. Ndipo hatimaye chumba cha pistoni kinajaa, sahani zinabanana, na gia inaingia kwa kishindo.

Kishindo hicho peke yake hakiui giaboksi nzima yenye afya. Kinachoua ni dereva kukosa subira katika zile sekunde kumi. Anaona gari halisogei, anakanyaga mafuta. Injini inapanda, gia bado haijaingia, na wakati shinikizo linapofika, sahani zinakutana huku upande mmoja ukizunguka kwa kasi kubwa na mwingine umesimama. Zinasuguana na kuungua juu juu. Asubuhi moja haionekani. Asubuhi za majira manne ya baridi huonekana kama masizi meusi kwenye mafuta yaliyokuwa mekundu.

Gari likishaondoka, dereva mgeni hupata wasiwasi wa pili. Injini inanguruma juu, gia haibadiliki mapema kama ilivyozoea, na kwenye barabara kuu gari linakataa kuingia gia ya mwisho. Wengi huamini giaboksi imeharibika. Kwa kawaida ni kompyuta inayoiendesha giaboksi ndiyo imeamua hivyo kwa makusudi. Kuna kihisio kinachopima joto la mafuta na kingine kinachopima maji ya injini. Katika Toyota nyingi, ovadraivu na ile klachi inayoifunga torki konveta ili isiteleze havikubaliwi kufanya kazi mpaka maji ya injini yafike karibu nyuzi 60. Konveta ikiachwa iteleze huchochea mafuta, na kuchochea huko ndiko kunakoyapasha moto. Injini nayo ikizunguka juu kidogo hupata joto haraka, na kifaa kinachosafisha moshi kwenye ekzosi huanza kazi mapema. Baada ya kilomita kadhaa gia zote hurudi zenyewe.

Katika mabasi na malori makubwa yenye giaboksi za Allison kompyuta ni kali zaidi. Mafuta yakiwa ya baridi kupita kiasi humbakiza dereva kwenye N, na hata yakianza kupata joto humpa kwanza gia chache tu. Hata akanyage vipi, mashine haimsikilizi hadi mafuta yawe tayari. Ni adabu ambayo ingefaa iwekwe kwenye magari madogo pia.

Ubishi kuhusu kupasha gari moto kabla ya kuondoka hauishi, Minnesota hata Yakutsk. Upande mmoja unasema liache lingurume nusu saa. Upande wa pili unasema washa uondoke. Giaboksi yenyewe inaegemea katikati. Injini inaponguruma gari likiwa limesimama, pampu na konveta huzunguka, lakini mafuta hupata joto polepole mno kwa sababu hayafanyi kazi ngumu. Zaidi ya hayo, baadhi ya giaboksi za zamani za Chrysler hazipeleki mafuta kwenye konveta mkono ukiwa kwenye P, ndiyo maana madereva wao huko baridini huweka N kwa dakika moja hivi, breki ikiwa imekanyagwa, kabla ya kuweka D. Kwa magari mengi dakika chache za kusimama, kisha kilomita chache za mwendo wa upole, hufanya kazi kuliko nusu saa ya kuchoma petroli barazani.

Kuna msaidizi mmoja ambaye Afrika Mashariki anajulikana kwa kazi moja tu. Mabomba mawili membamba hutoka kwenye giaboksi na kupita ndani ya rejeta. Sisi tunajua kwamba hapo mafuta hupozwa. Baridini mambo hugeuka: maji ya rejeta yakishapata joto la injini ndiyo yanayoyapasha mafuta, na magari mengi ya sasa yana kifaa maalumu cha kubadilishana joto kwa kazi hiyo. Mpango huo una sharti moja, kwamba ndani ya rejeta kuwe na kulanti yenye dawa ya kuzuia kuganda. Tabia ya kwetu ya kujazia maji ya bomba, ambayo Dar huleta kutu tu, Minnesota ingepasua rejeta usiku wa kwanza.

Historia ya mashine hii nayo inaonyesha kwamba baridi ilikuwepo mezani tangu mwanzo. Mwaka 1921 Alfred Horner Munro, mhandisi wa mitambo ya mvuke wa Regina, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, alibuni giaboksi ya otomatiki, na mwaka 1923 akapata hataza yake. Regina ni mji wa tambarare tupu ambako usiku wa nyuzi 40 chini ya sifuri si hadithi ya bibi. Giaboksi ya Munro haikutumia mafuta kusukuma gia. Ilitumia hewa iliyoshinikizwa. Haikufanikiwa sokoni, lakini mtu anayejua majira ya baridi ya Saskatchewan hashangai mbunifu wa huko kuchagua hewa, isiyojua kuganda.

Walioshinda walikuwa watu wa mafuta. General Motors ilitoa Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na miaka minane baadaye Buick ikaleta Dynaflow yenye torki konveta. Kisha likaja swali la mafuta gani yatumike, na jibu la miongo ya kwanza litamshangaza msomaji wa leo: ndani yake mlikuwa na mafuta ya nyangumi. Mafuta ya nyangumi aina ya kashaloti yalisifika kwa kulainisha vizuri na kustahimili joto na baridi, na yaliwekwa kwenye mafuta ya giaboksi ili sahani za klachi zishikane kwa upole badala ya kukwaruzana. Marekani ilipomweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe wa kulindwa mwaka 1970, wakemia walilazimika kutafuta mbadala haraka, na mafuta ya kizazi kipya yakaanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Mafuta ya leo, mengi yakiwa ya kutengenezwa maabara, hayana nta inayofanya fuwele wakati wa baridi, nayo huyapita yale ya zamani kwa mbali.

Hapo ndipo mafundi wetu wanapostahili lawama kidogo. Gereji nyingi za Nairobi na Dar zina dumu moja la mafuta mekundu linaloitwa kwa jina moja tu, haidroliki, na humiminwa kwenye kila giaboksi: ya mwaka 1998, ya 2012, hata ile ya mkanda isiyo na gia za kawaida. Hali yetu ya hewa husamehe kosa hilo kwa muda. Mafuta yasiyofaa hufanya gari libadilishe gia kwa mshtuko au kwa kuteleza, na mwenye gari huzoea. Yakutsk hakuna kuzoea. Mafuta ya uzito usiofaa yatamzuia mtu kuondoka asubuhi, na saa ile ile atajua amekosea wapi.

Watu wa huko wamejifunza kuyatendea mafuta kama mtoto mchanga, wasiyaache yakalala baridini bila kufunikwa. Mwaka 1949 Andrew Freeman wa Grand Forks, katika jimbo la North Dakota, alipata hataza ya hita ya umeme ya kupasha injini moto usiku. Hadi leo magari ya Winnipeg, Edmonton na Fairbanks huning'iniza plagi ya umeme mbele, kama ulimi uliotolewa nje. Viegesho vya maofisi na maduka vina nguzo zenye soketi. Mkongo au Mrundi anayefika Winnipeg kwa mara ya kwanza akaona safu ya magari yamechomekwa kwenye umeme, ana haki ya kudhani yote ni ya betri. Hita ya injini haiifikii giaboksi vizuri, kwa hiyo wanaojali zaidi hubandika chini ya sampu yake pedi bapa ya mpira yenye nyaya ndani, ikaipasha moto polepole hadi alfajiri.

Yakutsk imekwenda mbali zaidi. Gari huvishwa blanketi, na si blanketi la juu ya boneti peke yake bali hema nzima ya kitambaa kizito inayolifunika hadi chini, mwenyewe akiingia na kutoka kwa kupenya. Vioo hubandikwa tabaka la pili ili visigande. Vifaa vya rimoti huwasha injini kila baada ya saa chache bila mtu kutoka kitandani. Wengine hawazimi kabisa kutwa nzima, na moshi wa magari hayo huchangia ukungu mzito unaoufunika mji majira ya baridi. Madereva wa malori wa zamani wa Siberia walikuwa na njia isiyohitaji umeme, taa ya moto wa petroli iliyoelekezwa moja kwa moja chini ya sampu. Si njia ya kuiga.

Baada ya habari zote hizi za kuganda, kinachozipeleka giaboksi nyingi gereji msimu wa theluji mara nyingi ni joto. Gari limezama kwenye theluji. Dereva anaweka D, anakanyaga. Anaweka R, anakanyaga. Tena D, tena R, akilipembeza gari kama mtoto kwenye bembea ili lichupe nje. Torki konveta inazunguka upande mmoja huku upande wa pili umekwama, na nguvu yote ya injini inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Hesabu ya siku nyingi ya mafundi wa giaboksi ni kwamba, juu ya nyuzi 80 hivi, kila ongezeko la nyuzi 11 hupunguza maisha ya mafuta kwa nusu. Dakika chache za kulipembeza gari zinaweza kuyapandisha vya kutosha kuyachoma, nje kukiwa na baridi ya kukausha machozi. Magurudumu nayo hudanganya. Kwenye gari la kawaida gurudumu moja likizunguka bure na jingine limesimama, lile moja huzunguka kwa kasi mara mbili ya inayoonyeshwa na kipimo. Spidi inasema 60, gurudumu liko 120, na likikutana ghafla na lami, mshtuko wote unarudi ndani ya giaboksi. Koleo na mchanga chini ya tairi ni nafuu zaidi.

Mambo mengine humtisha mgeni bure. Gari likiondoka asubuhi linadunda *du-du-du* kama lina magurudumu ya mraba, na kwa kweli ni ya mraba kidogo: tairi zilizokandamizwa na uzito wa gari usiku kucha zimeganda na bapa upande wa chini, nazo hurudia umbo lake baada ya kilomita chache. Usukani unaugua. Handbreki iliyovutwa usiku huweza kugandia pale pale kama kebo yake ina unyevu, ndiyo maana wenyeji wengi, wakiwa mahali tambarare, hutegemea P peke yake, jambo ambalo mwalimu wa udereva wa Arusha angelikemea.

Betri ikifa, kuna pigo jingine kwa mtu aliyelelewa kwetu, ambako gari lisilowaka huita vijana watano na kelele za "sukuma!" Otomatiki haisukumwi. Pampu yake inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima, hakuna mafuta, na pasipo mafuta hakuna gia ya kuunganisha magurudumu na injini. Zile za zamani zilikuwa na pampu ya pili nyuma, iliyoendeshwa na magurudumu, na zilisukumika vizuri, lakini watengenezaji wa Marekani waliiondoa katika miaka ya 1960. Kilichobaki ni kumwomba jirani abusti betri.

Je, manyuali ina unafuu basi? Ina wa aina yake. Dereva wake hukanyaga klachi wakati wa kuwasha na kuiondolea stata mzigo wa giaboksi. Lakini mafuta yake ni mazito zaidi: yale ya uzito wa 75W yanaruhusiwa kufika sentipoisi 150,000 kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, mara kumi ya Dexron VI. Akiachia klachi mapema, gari likiwa bado kwenye nyutro, injini inaweza kuzima kwa kukabwa na mafuta hayo. Kubadilisha gia kilomita ya kwanza ni kama kusonga ugali wa watu ishirini kwa kijiko cha chai.

Hivyo yule ndugu wa Yakutsk, ile Toyota ya pili, anaendelea na maisha yake, akivuka mto Lena juu ya barafu wakati wa baridi, mahali ambapo kiangazi lazima apande kivuko. Huyu wa Dar anaweza kuwa alitoka Hokkaido pia, ambako magari mengi yaliuzwa yakiwa na vifaa vya sehemu za baridi, betri kubwa na stata yenye nguvu zaidi, na ambako chumvi ya barabarani ilikwisha kuanza kuila sakafu yake kabla hajapanda meli. Mnunuzi makini huinama kutazama chini kabla ya kulipa.

Kitufe cha SNOW nacho si mzigo mtupu. Barabara za udongo za Lushoto wakati wa masika, matope mekundu yakiwa yamenyeshewa usiku, huteleza karibu kama barafu, na kuondoka kwa gia ya pili kwa mguu mwepesi hufanya kazi huko sawasawa na Sapporo. Kuna madereva wa milimani wanaokitumia kimyakimya kila mwezi wa nne, kisha wakishafika lami ya Mombo hukizima.